Ombi la Kuanikwa Pamoja na Mashuka

Kwa Ndugu Meneja wa Hoteli,
Kupitia kwa Msimamizi wa Dobi (ambaye ameirudisha barua hii bila kuisoma, kwa hiyo inapitia chini ya mlango wako).

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KUNYIMWA JUA KAZINI

Sina haja ya kukuuliza hali, maana ofisi yako ina madirisha pande mbili. Mimi ni mpiga pasi wako kule chini ya ardhi, ukishapita mapipa ya taka. Huenda hunijui kwa sura, lakini shati ulilovaa leo linanijua vizuri.

Wiki chache zilizopita redio yetu ilimleta daktari mmoja. Alieleza kwamba mwili hutengeneza vitamini D ukipigwa na jua, na kwamba watafiti wameona watu wenye vitamini hiyo kidogo wakipatwa zaidi na saratani za aina fulani. Hapo mashine ya kufulia ikaanza kukamua, na ikishaanza hiyo hata radi husikii. Lakini kwa mtu mwenye akili zake, nilichosikia kilitosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Naingia chini alfajiri, natoka jua limeshazama. Siku yangu ya mapumziko huwa na mawingu, na sitaki kumtaja mtu.

2. Mashuka. Kila shuka la hoteli hii likishafuliwa hupandishwa paani kwa lifti, likaanikwa mpaka likakauka kau, kisha likashushwa kwangu nilipige pasi. Ndugu Meneja, shuka halina mfupa, halina damu, halina mke. Vitamini yote ile ni ya kazi gani? Mimi mwenye mwili napanda ngazi kwa miguu kwa sababu lifti ni ya mashuka. Nilijaribu kujifunika yale yaliyoshuka yakiwa bado na joto, angalau niambulie makombo, msimamizi akasema nimelala kazini.

3. Wageni wanasafiri kutoka mbali kulifuata jua. Wakifika wanajipaka mafuta ya kulizuia, wanavaa kofia na kufungua mwavuli. Huko ni kuagiza chakula na kufunika sahani. Penye miti hapana wajenzi.

4. Wewe mwenyewe, samahani kwa kusema. Mapazia ya ofisi yako nayapiga pasi mimi, na yamepauka upande wa nje tu. Maana yake mchana kutwa umeyafunga. Jua linakuja mpaka dirishani kwako na hulikaribishi, wakati mwenzako huku chini analililia.

5. Nyumbani nako sina raha, na chanzo ni hotelini. Mke wangu alipokuwa ananinyoa aligusa kivimbe chini ya sikio langu. Tangu hapo wimbo ni mmoja: nenda hospitali. Muuguzi wa zahanati ya wafanyakazi naye amekipapasa, akaniandikia niende nikapimwe. Nimewaelewesha wote wawili kwamba hakuna haja ya kupima kitu ambacho chanzo chake kimeshatangazwa redioni. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yangu umeikalia wewe. Nimewaambia nasubiri majibu yako. Kwa hiyo ukichelewa kujibu, ujue ni uhai wa mtu unaouchelewesha.

6. Naomba basi nianikwe. Kamba ya mwisho paani haina kazi na vibanio vipo. Nitapanda na mashuka, nitageuzwa mara moja adhuhuri, nitashuka nayo. Ikionekana kamba haitahimili, ghorofa zote zitobolewe katikati ili jua linifikie mezani, na wageni wa vyumba vitakavyotobolewa wapewe maelezo kwa upole. Hilo nalo likishindikana, nilipwe malimbikizo ya jua la miaka yote niliyokutumikia, na nilipwe kwa mkupuo.

Nisalimie mama watoto, watoto, dereva, na mpishi mkuu, ambaye aproni yake ingekuwa na mdomo ningekuwa na mengi ya kukwambia.

Ni mimi mtiifu wako wa gizani,
Mpiga Pasi

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni siku kadhaa. Katikati ya hapo nilipanda paani bila kibali, nikajilaza kati ya mashuka, muuguzi akanikuta huko. Alinishusha mpaka zahanati, akanitoa damu ipelekwe maabara. Majibu yamerudi: vitamini D ninayo ya kutosha. Aliponiuliza naipata wapi, nikakumbuka kwamba chakula cha mchana nakila kwenye ngazi za nyuma, kila siku, juani. Nilisahau kulitaja hilo katika namba moja.

Yeye redio aliisikiliza mpaka mwisho. Anasema daktari aliendelea kueleza kuwa mambo mawili kuonekana pamoja hakumaanishi moja limezaa jingine, kwamba mgonjwa naye hujifungia ndani akalikosa jua, na kwamba hata mwenye vitamini tele akiota uvimbe aende akapimwe.

Jana mke wangu aliisoma barua hii yote. Hakucheka. Akaniuliza, "Umemwomba meneja atoboe ghorofa, ukashindwa kumwomba ruhusa ya siku moja?"

Nilishindwa kwa sababu naogopa, Ndugu Meneja. Naomba ruhusa ya leo niende nikapimwe. Hayo mengine yaache. Samahani kwa kutosubiri jibu, lakini mke wangu ameshafika, amekaa pale kwenye ngazi za nyuma na cheti cha muuguzi mkononi, na amesema leo haondoki bila mimi.