Galaksi Uani kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 14 Juni
Siku ya pili ya fungate, hapa Kisauni kwa wakwe. Nusaiba wangu! Hata akipiga chafya naona amesoma shairi. Leo, huku akinimenyea chungwa, ameniambia zipo galaksi zenye shimo jeusi katikati, linalomeza kila kilicho karibu. Kinacholishinda hurushwa nje kwa mikondo miwili mirefu, mmoja huku, mmoja kule, nayo hutoa miale ya gama. Nimemwelewa. Mimi mwenyewe nameza kwa wakwe tangu jana.

Jumatano klabu ya sayansi anayoifundisha shuleni itakuja hapa, maana bibi harusi hatoki, kumwonyesha mwalimu mkuu mfano wa galaksi hiyo. Ukimridhisha, wasichana wataenda mashindano ya kaunti. Mfano bado. Nimejitolea kuutengeneza. Ile D yangu ya fizikia sikuitaja.

Jumapili, 15 Juni
Bwana harusi naye hatakiwi kutoka siku saba. Nimetoka. Mlango wa uani, kofia ya baba mkwe mpaka kwenye nyusi, moja kwa moja sokoni Kongowea. Kiponda, muuza tochi, ameapa wallahi ile ya zambarau hutoa gama halisi, tena imebaki moja. Nimewahi.

Jumatatu, 16 Juni
Nusaiba amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe gama haionekani kwa macho, na hewa yetu huizuia. Hunaswa na setilaiti huko juu. Kwa kicheko kile ningenunua tochi kumi.

Mama mkwe hakucheka. Jirani aliniona sokoni, akaja kumpa pole kwamba mkwe kafukuzwa mapema hivi. Shemeji Badi, mwenye B yake ya fizikia, amejitolea kuchora galaksi kwenye karatasi ya manila. Kuchora tu.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata! Ungo wa mama mkwe ndio galaksi. Nimeutoboa katikati, kimya kimya, nikapitisha mpira wa maji. Maji ndiyo mkondo. Mkondo wa pili nimeuacha, nani atachungulia nyuma? Badi anasema nifunge mpira vizuri. Wivu.

Jumatano, 18 Juni
Wasichana wamejipanga uani. Mwalimu mkuu, Bi Mwikali, kiti cha mbele. Nikafungua bomba. Kimya. Maji yalikuwa yamekatika. Bi Mwikali akainama kuchungulia shimo. Ndipo yaliporudi, na nguvu za wiki nzima.

Nusaiba wangu, bila hata kupepesa jicho, akawaeleza wasichana kuwa mkondo ukielekea kwetu moja kwa moja, galaksi hiyo hung'aa kwa gama kuliko zote, na Madamu amewaonyesha vizuri sana. Makofi. Bi Mwikali akakamua kilemba, akasema hilo hatalisahau mpaka kaburini. Wanaenda mashindano!

Wataenda na mchoro wa Badi. Mama mkwe ameulizia ungo wake.

Ijumaa, 20 Juni
Fungate imekwisha. Mwezi ujao Nusaiba anafundisha mashimo meusi yenyewe. Nimepita kwa Kiponda. Anamjua mtu mwenye moja, limetumika kidogo tu. Nimemsihi asimuuzie mwingine.