Kichwa cha Makala ya Meli Zumaridi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ni mhariri wa kamusi elezo! Ile ya mtandaoni, inayosomwa dunia nzima. Mchana ni karani wa maktaba, jioni anaandika elimu ya watu. Akili kachukua kwangu, ingawa shule mimi niliishia darasa la saba. Nimewaambia wateja wote walioleta nguo leo, hata yule aliyeingia kuuliza njia tu.

Makala yake mpya inahusu meli Zumaridi. Meli ya mdogo wangu. Alikuwa mpishi humo. Miaka kumi na tisa iliyopita watu wenye bunduki waliivamia ikiwa imetia nanga. Wakaua kumi na mmoja, na yeye akiwemo.

Binti ameipa makala kichwa “Shambulio dhidi ya meli Zumaridi”. Mtu anayejiita Nahodha Mstaafu amepinga. Anataka “Tukio la meli Zumaridi”, eti ndivyo tume ya uchunguzi ilivyoandika. Tukio! Tukio ni mtu kuteleza bafuni.

Wahariri wana siku saba za kujadili, kisha msimamizi anaamua. Nikauliza kura zikoje. Binti akasema, mama, si kura, ni hoja na vyanzo. Mtoto huyu mpole mno. Kila kitu ni kura.

Jumanne, 4 Machi

Kampeni imeanza. Leo hakuna mteja aliyechukua nguo yake bila kwanza kufunguliwa akaunti. Kwa simu yangu, maana za kwao nyingine hazina chaji, nyingine hazina adabu. Watu kumi na wawili! Nimewasomea la kuandika, neno kwa neno: “Naunga mkono Shambulio. Mwandishi ni msichana hodari na kwao wamemlea vizuri.”

Muuza mayai aliuliza anaunga mkono nini hasa. Nikamkumbusha kwamba sketi yake bado iko mezani kwangu, haina zipu. Akaunga mkono.

Binti sijamwambia. Nataka ashtuke.

Jumatano, 5 Machi

Ameshtuka.

Msimamizi ameona watu kumi na wawili, simu moja, mchana mmoja, sentensi moja. Akasema huyu ni mtu mmoja. Na kwa kuwa binti huazima simu yangu ya kwake ikizima, akasema mtu huyo ni binti! Amefungiwa kuhariri mwezi mzima. Nahodha Mstaafu ameandika kwamba inasikitisha. Yeye ndiye wa kusikitika!

Binti hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba bado begani, akaniuliza taratibu, sasa nani atamsemea mjomba? Nikasema, mimi nipo. Akasema, mama, nakuomba, wewe usimsemee.

Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi amekuja, mjane wa mdogo wangu. Habari ameipata kwa muuza mayai, mdomo ule hauna zipu pia. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mwanawe ameanza kazi bandarini, na wenzake wanamwuliza baba yake alikufaje. Yeye huwaambia watafute wenyewe mtandaoni, maana kusimulia hawezi. Wifi akauliza, wakitafuta wakakuta tukio, si watadhani baba wa watu aliungua na mafuta ya jikoni?

Nilizikunja nguo za kazi za mwanawe, alizozileta kupunguzwa, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwandikia msimamizi barua ya kukiri. Nilianzia binti alipozaliwa, ili aelewe vizuri. Binti akafuta kurasa mbili. Pakabaki: “Simu ni yangu. Kosa ni langu. Binti hakujua lolote.” Barua kavu kama biskuti, lakini kufika jioni msimamizi amemfungulia! Zile akaunti kumi na mbili amezifunga zote.

Bado Nahodha anang'ang'ania. Kama lilikuwa shambulio, liko wapi gazeti la wakati ule lililosema hivyo? Binti akashika kichwa. Maktaba ina magazeti ya zamani chumba kizima, na yeye hajui ni gazeti lipi, la siku ipi, lililoandika hivyo.

Nikasimama katikati ya mshono. Mkono wa shati!

Wiki ile ya msiba nilikuwa na gazeti ambalo sikuweza kulisoma wala kulitupa. Nikalibandika kwenye boksi, nikalikata kuwa kipimo cha mkono wa shati la shule, maandishi yakielekea ndani. Miaka kumi na tisa nawakatia watoto wa watu mikono kwa kipimo kile. Tukalibandua kwa maji ya uvuguvugu, polepole, binti na mimi. Kwenye bega, neno “Shambu”. Lililobaki lilikatika kwapani. Lakini pembeni, karibu na kiganja, jina la gazeti na tarehe. Nzima!

Binti aliniangalia. Akanishika mkono wenye gundi.

Jumamosi, 8 Machi

Amelipata maktaba! Ukurasa mzima, haujakatwa. Mkuu wa bandari anasema shambulio mara tatu, na majina ya marehemu yote yapo. Binti ameweka yote kwenye majadiliano.

Nahodha Mstaafu amejibu saa hiyo hiyo. Kwamba ushahidi unatosha, anaondoa pingamizi. Kwamba yeye pia alikuwa baharini na alizika wenzake, ndiyo maana hataki kuandika jambo asilolijua. Akazipa pole familia. Pole ile nimeisoma mara nne.

Ameniogopa, hakuna jingine.

Jumatatu, 10 Machi

Imepita! “Shambulio dhidi ya meli Zumaridi”. Nimekwenda kwa wifi kumsomea. Akaniomba nirudie kichwa. Nikarudia. Akaomba tena. Kisha akaifuta simu yake kwa upindo wa nguo, kama anafuta uso wa mtu, akaenda kumwita mwanawe aje aone.

Binti amenitaka niahidi kwamba makala hiyo sitaigusa kamwe. Nimeahidi kwa moyo wote.

Lakini majina ya marehemu! Mdogo wangu wamemweka wa tisa. Wa tisa, mtu aliyewapikia wote hao! Nimefungua akaunti mpya kwa simu ya wifi. Nimempandisha wa kwanza, na baada ya jina nimeongeza: “mpishi asiye na mfano, mjomba wa mhariri, mdogo wa fundi cherehani mashuhuri”. Sasa natafuta pa kuweka picha ya binti akiwa na joho la kuhitimu.

Simu yangu imelia mara tatu. Ni yeye. Anataka kunishukuru, namjua. Nitapokea nikimaliza picha.