Silaha Itakayokutwa Ikizurura Mjini

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Leo barua imekuja. Barua zote za Baraza la Mji hupitia kwangu kwanza, maana mimi ndiye karani, na mkasi wa kufungulia bahasha ni wangu. Miaka thelathini na moja nafungua bahasha za wengine. Hii ilikuwa yangu.

Kampeni ya kimataifa ya miji inayopinga silaha za nyuklia. Wanatualika tujiunge. Tupitishe azimio barazani, tujaze kiambatisho cha ukurasa mmoja, kisha tuteue mjumbe mmoja wa mkutano wao, ng'ambo, mwezi wa sita. Tiketi ya ndege juu yao.

Tiketi ya ndege! Nimebakiza miezi minane nistaafu, na sijawahi kupanda hata ngazi ya ndege. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipanda mara moja, miaka kumi na moja iliyopita, kwa siku nne. Tangu hapo hawezi kuomba chumvi bila kuanza na tulipokuwa angani. Mwaka huu atanyamaza.

Barua nimeitia kwenye droo. Meya ataiona wakati wake ukifika.

Nimewatangazia nyumbani wakati wa kula. Tuko watano: mimi, mke wangu, mama mkwe na wajukuu wawili. Mke wangu akauliza kama hilo bomu linaweza kufika hapa kwetu. Nikamwambia asijisumbue, hili ni jambo la makaratasi tu. Aulize la maana, kwa mfano kama huko kuna baridi.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Kampeni ilituma nakala ya pili kwa ofisi ya afya. Bwana Afya kaja mezani kwangu nayo mkononi, na Meya nyuma yake, akiuliza nakala yetu iko wapi. Nikajitia hamnazo. Nikapekuapekua droo, nikashangaa kuiona.

Bwana Afya ni hatari. Mrefu, mpole, haringi. Na ana pasipoti! Aliipata alipokwenda kusomea mambo ya chanjo. Mimi yangu ndiyo kwanza nimepiga picha, na katika picha hiyo nimefumba macho.

Lakini mimi si wa juzi. Nikamwambia Meya kwamba azimio ni kazi ya kisheria, niachiwe mimi. Kiambatisho apewe Bwana Afya, apate la kufanya. Kina swali moja tu: bomu moja likiangukia mji wenu, mtafanya nini? Swali la kipuuzi. Hakuna atakayelisoma jibu lake. Atakesha nalo wakati mimi napanda ndege.

Akapokea karatasi kwa mikono miwili, akanishukuru. Maskini, ameula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua.

Ijumaa, 7 Machi

Azimio tayari. Dakika tano!

Wasio na ujuzi huandika azimio kuanzia mwanzo. Mimi sijaandika kitu kipya tangu mwaka wangu wa pili kazini. Ukitaka sheria ya taa za barabarani, unachukua ya mifereji na kubadilisha. Siku hizi kompyuta ina amri moja tamu: unaiambia itafute neno fulani popote lilipo, iweke jingine. Nikachukua Sheria Ndogo ya Mbuzi, sheria bora kabisa ya Baraza hili, yenye vifungu kumi na moja na adhabu. Nikaiamuru itoe mbuzi, iweke silaha ya nyuklia. Mahali arobaini na tatu papo hapo.

Juu nikaongeza utangulizi wangu mwenyewe, wa kupendeza: Baraza linaungana na miji ya dunia kuyataka mataifa yote yateketeze kila silaha ya nyuklia iliyopo duniani, bila kubakiza hata moja. Nusura nijipigie makofi. Chini nikaacha ile sentensi yetu ya kila siku, kwamba sheria hii inafuta na kuchukua nafasi ya ile iliyotangulia. Huwa nzuri machoni.

Kusoma tena? Kwa nini nisome nilichoandika mwenyewe?

Dirishani nilimwona Bwana Afya akitoka hospitali na daftari. Eti anahesabu vitanda. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Limepita! Kikao chetu kina utaratibu wake. Karani anainua karatasi juu, anauliza kama waheshimiwa wameisoma, waheshimiwa wanapiga meza. Karatasi ikishapigiwa meza imesomwa. Diwani wa soko alipiga meza mara mbili, ya pili akiwa usingizini. Dakika nne kwa saa ya ukutani. Alasiri hiyohiyo nakala ikaenda kwa kampeni.

Jioni nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa shemeji kuazima koti la baridi, lilelile la safari yake. Alinikalisha muda mrefu. Kuna namna ya kulikunja ukiwa angani. Kuna namna ya kulivaa ukishuka. Kalitoa mfukoni mwa nailoni kama mtoto mchanga, akaniapisha nilirudishe kama lilivyo. Nikaapa. Nikatembea nalo mabegani hadi nyumbani, jua likiwaka. Watu walinitazama sana. Wivu.

Ijumaa, 14 Machi

Kampeni wamejibu! Wanasema wamelisoma azimio letu kwa makini sana, tena mara kadhaa, ofisi nzima. Hawajawahi kupokea jingine mfano wake. Mtu wao atafika Jumatano kuja kujionea, na siku hiyohiyo Baraza liteue mjumbe.

Nikaipeleka kwa Meya mbiombio. Mama yule ana tabia moja mbaya: akisikia kitu kimesifiwa, anataka kukisoma. Akavaa miwani. Akasoma kimya, kisha akaanza kunisomea mimi.

Kifungu cha pili: kila kaya inaruhusiwa kufuga silaha ya nyuklia wasiozidi watatu. Kifungu cha nne: silaha ya nyuklia atakayekutwa akizurura sokoni au akila maua ya bustani ya mji atakamatwa na kupelekwa zizini. Cha tano: silaha ya nyuklia jike mwenye mimba asifungwe pamoja na dume. Cha saba: asipokombolewa na mwenyewe kwa siku saba, atauzwa kwa mnada wa hadhara.

Nikamweleza kwamba ni lugha ya kisheria, watu wa kawaida huiona ngeni. Hakucheka. Akaniuliza kama najua kifungu cha tisa. Najua, nikasema, kwa kubahatisha. Kifungu cha tisa kinasema karani wa Baraza ndiye mlinzi wa zizi.

Akavua miwani. Akasema mgeni anakuja kujionea, na kitu pekee cha kuonekana katika azimio langu ni zizi. Kwa hiyo lisafishwe. Na mlinzi anajulikana.

Jumanne, 18 Machi

Zizi la Baraza liko nyuma ya ghala la vifaa. Halijafagiwa tangu enzi za meya aliyepita. Nimefagia siku mbili. Mgongo haunyooki.

Halafu mbuzi. Sijui wametoka wapi wote hawa. Wako bustanini, wako ngazi za ukumbi, mmoja nilimkuta amesimama juu ya kaunta ya malipo ya maji. Nikamwita mwenye mbuzi, muuza ngozi wa nyuma ya soko, nikamtishia sheria. Akaniomba nimwonyeshe. Nikaifungua. Ikawa inazungumzia mabomu. Ile ya zamani imefutwa, na sahihi ya kuifuta ni yangu. Akaniambia kwa upole kwamba kama anavyoelewa yeye, mbuzi wake sasa wako huru kabisa, ila akinunua kombora atalifunga kamba. Jeuri!

Nilikuwa nimelitundika koti kwenye nguzo ya uzio, lizoee hewa ya nje. Nilipogeuka, beberu mweusi alikuwa ameshamaliza mkono wa kushoto na ameanza kola. Tulivutana. Yeye alishinda.

Mke wangu amesema labda nimwambie kaka yake ukweli. Nikamwambia nina mpango. Nitaliweka begani na kulikunjia upande wa kushoto. Ndivyo wanavyovaa ng'ambo.

Jumatano, 19 Machi



Mgeni alikuwa mama mfupi mwenye mkoba wa kitambaa. Nikampeleka zizini, koti begani. Nikamweleza taratibu za kukamata na kukomboa. Alishika nguzo ya uzio kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nikajua nimemgusa.

Kisha ukumbini. Mke wangu alikuja amevaa nguo yake ya harusi za watu, na shemeji pembeni yake akilikodolea macho koti lake kwa mbali. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Mgeni akasema kabla ya hotuba angependa kusikia kiambatisho. Kiambatisho! Bwana Afya akasimama. Hakusalimia waheshimiwa kwa vyeo vyao hata kimoja. Akasoma. Nanakili hapa ili ionekane nilivyoonewa:

"Mji wetu una watu elfu arobaini na mbili na madaktari watatu. Hospitali ina vitanda vinne vya walioungua. Mwaka jana jiko la mafuta lililipuka nyumbani kwa fundi cherehani, wakaungua watu sita. Wanne tuliwapa vitanda. Wawili tuliwalaza juu ya meza za dawa, na mmoja wa hao wawili alikufa asubuhi. Hilo lilikuwa jiko. Mnauliza likianguka bomu tutafanya nini. Hatutafanya kitu. Hatutakuwepo, na atakayekuwepo hatakuwa na pa kulala. Kwa hiyo tunaomba lisiwepo."

Basi! Hakuna kifungu hata kimoja. Hakuna adhabu. Nusu ukurasa, tena kwa mkono.

Hata diwani wa soko alikuwa macho. Fundi cherehani alikuwa kiti cha nyuma, ameinama. Nikatazama upande wa mke wangu, nikamwona analia, ncha ya kanga mdomoni. Roho iliniuma. Nikajua analilia safari yangu.

Wakapiga kura. Bwana Afya kumi na saba. Mimi moja, nayo diwani wa soko anadai alikuwa anajinyoosha.

Shemeji alilifikia koti mlangoni. Alilinyanyua, akaliangalia, akauliza mkono uko wapi. Nikamwonyesha ule wa kulia. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, naye hakutaja angani.

Lakini si haba. Mgeni aliomba nakala safi ya azimio langu. Anasema atawasomea wajumbe wa nchi zote usiku wa kwanza wa mkutano, wachangamke. Maneno yangu yatapanda ndege.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu hajasema neno tangu Jumatano. Leo asubuhi tulikuwa uani, yeye anaanika nguo, mimi namtazama. Akasimama na shuka mikononi. Akasema:

"Vitanda vinne, baba watoto. Na sisi humu ndani tuko watano."

Nikangoja amalize. Alikuwa amemaliza. Alibaki kaniangalia kama anayengoja jibu, macho mekundu, shuka linadondosha maji miguuni pake.

Nikafikiri, nikaelewa. Kweli wajukuu wanabanana. Nikamwambia aondoe shaka, Jumatatu nitapita kwa seremala nimwagize kitanda cha tano.

Alianika shuka, akaingia ndani, akawakumbatia wale wajukuu mmoja mmoja, na hawakuwa wanakwenda popote. Wanawake ni fumbo.

Jumatatu, 24 Machi

Meya ameniita. Mbuzi wamekula faili la ardhi. Anataka Sheria ya Mbuzi irudi leo hii, kabla ya saa kumi, na anataka niandike mwenyewe kwa uangalifu, neno kwa neno. Akarudia mara mbili, neno kwa neno. Ananiona mtoto.

Haya. Kuanza upya ni kwa wasio na ujuzi. Nilichukua azimio, nikaiambia kompyuta itoe silaha ya nyuklia popote ilipo, irudishe mbuzi. Mahali arobaini na nne. Nilidhani ni arobaini na tatu, lakini kompyuta haikosei. Ile sentensi ya chini, ya kufuta sheria iliyotangulia, nimeiacha. Ni nzuri machoni.

Nikainua karatasi juu, waheshimiwa wakapiga meza. Nakala moja nimeipeleka kwa Meya. Nyingine nimeituma kwa kampeni, maana waliomba nakala safi, na hii ndiyo safi kuliko zote. Utangulizi wangu upo vilevile: Baraza linaungana na miji ya dunia kuyataka mataifa yote yateketeze kila mbuzi iliyopo duniani, bila kubakiza hata moja.

Dakika tano. Sikuona haja ya kusoma. Naondoka mapema, nimuwahi seremala.