Nyuki Juu ya Dirisha Letu

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Nyuki wamehamia kwetu. Wengi! Wanaingia kwenye tundu chini ya paa, juu ya dirisha la chumbani, kama wenye nyumba. Mke wangu, Mwanahawa, kasema tutafute mtaalamu. Mimi nikaona asali. Ndoo nzima, pengine mbili. Hapa Mafiga nani ana asali ya kwake?

Jirani yetu Mwalimu Kondo, mstaafu, akachungulia juu ya ukuta. Anamfahamu mfugaji nyuki wa Mzumbe, dada mmoja aitwaye Winfrida, anawahamisha bila kuwaua. Akanitajia namba. Nikamshukuru, sikuiandika. Mwaka jana alinisaidia kufunga bomba la maji, mpaka leo anawasimulia wageni.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango: kuwafungia humo humo. Wakikosa njia watakufa, nami nitachukua asali kwa amani. Nimeziba tundu kwa saruji alfajiri, kabla hawajaamka. Kazi safi! Nikajipongeza kwa chai.

Saa nne Mwanahawa kapiga ukelele chumbani. Nyuki wamepata mlango mwingine: tundu la taa. Wamejaa kwenye pazia, kwenye kanzu yangu ya Ijumaa, kila mahali. Tumefunga mlango, tukasokomeza taulo chini yake. Leo tunalala sebuleni. Mwanahawa hajanisemesha tangu adhuhuri, isipokuwa kuuliza kama saruji imebaki, azibe mdomo wangu.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango mwingine: moshi. Nimevaa koti la mvua, mabuti, na chandarua cha zamani kichwani. Nikafunga makumbi ya nazi kwenye mti mrefu, nikayawasha, nikaanza kubomoa saruji kwa ncha ya mti. Saa nane mchana, jua kali. Nimeambiwa hospitali kwamba hakuna saa mbaya kuliko hiyo.

Ukatoka mvumo kama wa mashine ya kusaga. Nikatupa mti, nikakimbilia banda la kuku. Nimeumwa mara saba. Kuku sijawauliza.

Lakini si wote walionifuata. Wengine waliruka ukuta, na upande wa pili Mwalimu alikuwa anachuma mchicha.

Aliita mara moja tu. Mwanahawa ndiye aliyekimbia, kajigubika khanga, akamvuta ndani. Midomo imevimba, sauti imekata, pumzi inapanda kwa taabu. Ameumwa na nyuki wanne. Wanne tu! Kumbe kuna watu miili yao haiwastahimili. Bajaji, hospitali, sindano. Nilikaa kwenye benchi na mabuti yangu mpaka jua likazama. Sikuwa na mpango wowote.

Alhamisi, 15 Agosti

Mwalimu yuko hai. Daktari kasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia zote. Nikamwomba radhi. Akanitazama kwa jicho moja, la pili bado halijafunguka.

"Mansuri," akasema, "kalamu unayo? Andika namba."

Nikaandika.

Ijumaa, 16 Agosti

Winfrida kaja jioni, jua linazama, nyuki wameshatulia. Nguo nyeupe mwili mzima, kopo lake la kufukizia moshi, mzinga wa mbao. Akaamuru watu na kuku wawe ndani, majirani wafunge madirisha. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alibandua ubao mmoja wa dari, akakata masega taratibu, akayapanga mzingani. Malkia alipoingia, wengine wakafuata.

Akauliza saruji aliweka nani. Nikasema fundi.

Akanieleza: wakikuvamia, funika uso, kimbia moja kwa moja mpaka ndani. Mwiba ukwangue upesi kwa ukucha. Anayekosa pumzi apelekwe hospitali hapo hapo. Tundu lisizibwe mpaka nyuki wametoka na nta imesafishwa, maana harufu yake huita wengine. Na kamwe usijaribu mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa kila neno.

Asali: bakuli moja.

Jumapili, 18 Agosti

Mwalimu karudi nyumbani. Tumempelekea bakuli lote, kwa amri ya Mwanahawa. Tulikaa barazani kwake tukitazama ukungu ukishuka milima ya Uluguru. Mwishowe akasema yamekwisha, sisi ni majirani. Nikainama kufunga kamba za viatu ili asinione uso. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Wakati wa kutoka nikaona, chini ya paa la choo chake cha nje, kiota cha manyigu. Kidogo tu, kama ngumi. Sikumwambia, mgonjwa hatiwi wasiwasi. Winfrida naye si wa kusumbuliwa kwa manyigu, hata asali hawana. Kesho asubuhi Mwalimu anarudi hospitali kuangaliwa. Nitakiangusha kwa fagio refu, mwenyewe, kimya kimya, iwe shukrani yangu kwake.

Atashangaa sana!