Huguette na Vita vya Mfuko wa Kiholanzi

Njooni, enyi mliochoshwa na majemadari wachoma miji, kaeni mkao wa kula! Leo anasifiwa Huguette, binti wa Bukavu, simba jike wa saluni za Isipingo kule Durban, aliyekabiliana na mfuko wa sokoni, wala hakukimbia.

Naam, mfuko. Maana Jeancy mumewe yuko Rotterdam, Uholanzi, na ufalme ule wenye hekima isiyopimika umeamuru kwamba mke wa ndoa asimfuate mumewe mpaka afaulu mtihani wa Kiholanzi. Na mwalimu wake, aliyemfundisha kwa simu iliyoegemezwa kwenye kioo cha saluni, alikuwa ameapa kutomruhusu kuingia mtihanini kabla hajatamka sawasawa boodschappentas, yaani mfuko wa kubebea manunuzi: silabi nne, mkazo kwenye ya kwanza.

Baraza la vita likaketi. Akanena Papy, muuza simu wa mlango wa pili, aliyeshiba Kifaransa hadi kikamvimbisha kichwa: "Shemeji, sikiliza! Kwa Wazungu wote mkazo iko mwisho. Bood-schap-pen-TAS!"

"Tutolee balaa hapa!" akanguruma Bi Amne wa Unguja, mteja aliyekuwa kitini. "Mkazo hukaa silabi ya pili toka mwisho, tangu Mungu aumbe ulimi. Bood-schap-PEN-tas!"

Shujaa wetu, kwa adabu yake, akawatii wote wawili kwa mpigo.

"Nee," akasema mwalimu. Hapana.

Eish! Neno hilo lilimchoma. Alimfikiria bintiye, anayemjua baba kwenye simu tu, machozi yakamlengalenga. Kisha hasira ikampanda, nayo ikamshukia asiye na hatia: akazikamata nywele za Bi Amne, akakaza fundo la kwanza kwa nguvu zote, yaliyofuata akayalegeza, kama msusi yeyote anavyoanza msuko.

"Yoo! Utaning'oa kichwa, mwanangu!"

"Vumilia, mama," akahubiri Papy, "ni kwa ajili ya ndoa!"

Huguette akaduwaa. Kaza, legeza, legeza, legeza. Akashika fungu jingine, safari hii mdomo ukaufuata mkono: "BOOD-schap-pen-tas!"

Bi Amne akapiga yowe. Mwalimu akatabasamu. "Goed. Vizuri. Mtihani utafanya mwezi ujao."

Basi meli zote za bandari ya Durban na zipige honi, na watoto wa shule wakariri siku hii! Huguette ameushinda mfuko, na kwa ushindi huo mtukufu ameruhusiwa kwenda kuulizwa kama anamstahili mume wake mwenyewe.