Samli ya Nelvine na Daktari wa Mishipa

Noah Kipkurui aliingia saluni ya Celine mjini Kericho kujikinga na mvua tu, lakini mtu wa kazi ya ujanja kama yake hapumziki hata akiwa ameloa. Alikaa pembeni, akatega sikio. Wanawake wanne waliokuwa chini ya mashine za kukausha nywele walikuwa wameacha ugali. Walikuwa wameacha pia chapati, viazi na mkate, kwa sababu simu zao ziliwaambia kwamba kinachopunguza mwili ni mafuta. Si haya ya chupa. Walitaka samli halisi ya ng'ombe wa nyasi, kijiko kimoja ndani ya chai ya rangi kila asubuhi. Shida ilikuwa pa kuipata. Ile ya supamaketi, Celine alilalamika, ilikuwa na ladha ya karatasi.

Noah akawaza Merigi, upande wa Bomet. Kule samli ilikaa kwenye vibuyu nyuma ya mlango, na wenyewe walikuwa wameanza kuiogopa, maana kila jamaa aliyerudi kutoka hospitali alirudi na maneno ya mishipa iliyoziba. Kwa hiyo Merigi samli ilikuwa inaua, na Kericho ilikuwa inaponya. Kijiko ni kilekile. Kilichokosekana ni mtu wa kukivusha, na Noah hakuwahi kukataa wito.

Celine alimwazima gari lake, Probox, kwa sharti moja: lirudi limejaa samli. Koti jeupe Noah aliliazima kwa muuza nyama, akalifua mara mbili. Halafu akapita kwenye vibanda vya chipsi akikusanya mafuta yaliyochoka, meusi kama chai ya jana, akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa safi zenye karatasi iliyoandikwa MAFUTA YA MOYO pamoja na namba yake ya simu. Daktari lazima apatikane.

Siku ya soko Merigi kulikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Noah aliyeyusha kijiko cha samli, akaimwaga kwenye glasi ya maji baridi. Ikaganda hapo hapo, nyeupe.

"Hii ni mishipa yako, mama," alisema kwa huzuni ya kitaalamu.

Akamwaga na mafuta yake. Yakaelea tu, laini, hayana neno na mtu. Watu wakashika vifua. Ni kweli samli huganda kwenye baridi, hata supu huganda. Lakini ndani ya mwanadamu hakuna baridi ya Merigi, na hilo hakuna aliyeliuliza. Kila aliyesalimisha samli yake ikatupwe mbali alipewa chupa bure. Wanawake sita walimimina zao kwenye ndoo ya daktari. Wa saba, Chepkosgei, alileta kibuyu kizima, na Noah akakihifadhi kando, maana kibuyu kingependeza sana dirishani mwa saluni.

Chepkosgei hakuwa ameuliza mtu. Mama mkwe wake, Janeffer, ambaye mtaa mzima ulimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa hospitali ya Longisa kwa kliniki ya presha. Aliporudi jioni akatazama nyuma ya mlango, akaona msumari mtupu.

Ile samli ilikuwa ya Nelvine, binti ya Chepkosgei. Ilitoka kwa ng'ombe mmoja tu, yule aliyezaliwa hapo nyumbani, na ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Jumamosi, siku ambayo wakwe wangekuja kutoka Kipkelion na nyanya angempaka bibi harusi mafuta kichwani. Bila hiyo, hakuna kupakwa. Wakwe wangerudi kwao wakisema nyumba hii haina ng'ombe wala adabu.

Chepkosgei akalia. Alisema daktari alikuwa na koti.

Kogo hakupandisha sauti. Muuguzi wa Longisa alikuwa amemwambia apunguze mafuta, siyo ayatupe: kijiko kidogo kwenye mboga, kwa sababu kuna vitamini ambazo bila mafuta hupita tu mwilini kama wageni wasiokaribishwa chai. Cha kuogopa, aliambiwa, ni mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Akafungua chupa ya Noah, akanusa.

"Hii mafuta imezeeka kuliko mimi," alisema. Halafu akaomba asomewe ile namba.

Kwenye simu alikuwa bibi mnyonge kabisa. Alimshukuru daktari kwa kuokoa mishipa ya mtaa, akasikitika kwamba wanawake wa ng'ambo ya mto bado ni wabishi na nyumba zao zimejaa samli. Jumamosi wote wangekuwa kwake. Kama daktari angekuja kuwafundisha, na kama angebeba ile aliyokusanya, waone kwamba wenzao walishasalimisha, hakuna ambaye angebaki na hata tone. Noah hakulala vizuri, kwa furaha.

Jumamosi alikuta hema, nyimbo, na wageni wengi waliovaa vizuri kupita mahitaji ya somo la afya. Kabla hajageuza gari, vijana walikuwa wameshateremsha ndoo na kibuyu. Kogo akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya wakwe.

"Huyu ni daktari," alitangaza. "Ametutunzia mafuta ya Nelvine mpaka leo."

Wazee wa Kipkelion wakapiga makofi. Noah akainama kushukuru, kwa mazoea, kisha akamnong'oneza Kogo kwamba kitu kile ni sumu.

"Kwa tumbo, kijana. Wewe ulisema kwa tumbo," Kogo alimjibu polepole. "Kichwa iko na tumbo?"

Nelvine akapakwa. Bwana harusi akapakwa. Na kwa kuwa aliyetunza mafuta hawezi kuachwa mkavu, Noah akakalishwa karibu na wakwe, akapakwa kuliko wote, mpaka mafuta yakashuka kwenye kola ya koti la muuza nyama. Wale wanawake sita walikuwa wamekuja na mikebe yao. Wakagawana ndoo bila kelele. Chupa zote za MAFUTA YA MOYO walizirudisha kwenye Probox, zimefungwa vizuri, wakamtakia safari njema.

Alifika Kericho jioni. Celine alifungua buti, akanusa chupa moja, akaifunga. Akauliza samli iko wapi. Noah, ambaye alikuwa na uongo wa kutosha kwa miaka kumi, alichoka, akasema ukweli.

"Iko vichwani. Merigi."

Celine alikuwa amesikia mengi kutoka kwa wanaume, lakini uongo huo ulimuudhi kwa uvivu wake. Akachukua funguo za gari. Alipokuwa akimwonyesha mlango, harufu ikamsimamisha. Akapitisha kidole kwenye nywele za Noah, akalamba, akafumba macho.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Keti hapo."

Noah akaketi. Celine akamfunga taulo shingoni, akachukua kichana cha meno madogo na kikombe.

"Usitingishe kichwa. Watu wanne wanangoja chai."