Datsun Nyuma ya Koasta

Jumatatu, 20 Oktoba 2025. Kabeza, Rwanda.

Nimeamua. Jumamosi hii Datsun inarudi Karagwe! Mama mkwe anatimiza miaka tisini Jumapili, na ombi lake ni moja tu: akalie tena kiti cha mbele cha gari lililomchukua binti yake mwaka 1985. Siku ile alikaa mbele yeye, mimi bwana harusi nikiendesha, bibi harusi nyuma pamoja na kuku wawili. Hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Injini imekufa tangu binti yetu Shami amalize sekondari. Si kitu. Nitaivuta kwa Koasta yangu, ile niliyong'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia. Nyumba yenye magurudumu! Wazungu wananunua kwa mamilioni, mimi nimejitengenezea kwa akili ya darasa la sita. Eustadia, mke wangu, kauliza nani atanisaidia kuzifunga pamoja. Nikacheka. Mtu aliyevuta matrela hadi Lubumbashi!

Jumatano, 22 Oktoba.

Chuma cha kuvutia gari kimetoka kwa mchomeleaji wa Nyabugogo. Kina umbo la herufi A. Miguu miwili inafungwa mbele ya Datsun, kichwa kinakaa juu ya tufe la chuma nyuma ya Koasta, kisha unapitisha pini. Basi.

Jirani Ntare, aliyekulia Kampala na anayeamini magari yalianzia huko, kanichungulia juu ya ua na kikombe chake cha chai. Kasema kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja ashike usukani, mwingine aelekeze kwa mkono. Yeye yuko tayari. Nikamjibu kwamba sisi tuliokulia Karagwe tuna macho hata kisogoni. Kacheka mpaka chai ikamwagikia shati. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 24 Oktoba.

Mazoezi. Koasta nimeielekeza juu ya mlima, Datsun nyuma yake, jiwe kubwa chini ya gurudumu maana breki ya mkono ilikufa zamani. Narudi nyuma, nasimama, nashuka, natazama. Nimekosea shubiri moja kushoto. Napanda, narudi, nashuka. Shubiri mbili kulia! Nikasimamisha fimbo kwenye kichwa cha kile chuma na kuifunga kilemba chekundu cha Eustadia, nikione kwenye kioo. Nimekiona vizuri sana. Nimekikanyaga. Ntare alikuwa anahesabu majaribio yangu kwa sauti mtaa mzima usikie. "Kumi na saba, muzehe! Usikate tamaa, sha, Karagwe haihami!"

Nikaingia kwenye Datsun kujificha. Chini ya kiti nimekuta kitana cha mbao cha Shami. Nikakaa palepale. Mwaka 1995 tulivuka mpaka wa Rusumo na gari hili, magodoro juu, masufuria ndani, Shami katikati ya masufuria akiuliza kila kona kama Rwanda ndiyo hii. Mlima wa kwanza ukatushinda. Watu tusiowajua wakashuka kwenye lori lao wakatusukuma hadi juu, wakiimba. Eustadia alishika usukani. Mimi nilisukuma na kulia, nikasema ni vumbi. Ndani bado mnanukia vumbi lile.

Nimepata akili! Kesho ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Kuanzia saa mbili hadi saa tano watu wote watakuwa bondeni wanachimba mtaro, barabara tupu, Ntare hayupo. Eustadia atatuwakilisha. Amwambie kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, Mama Gahongayire, kwamba mgongo wangu umekataa kabisa. Eustadia kaenda kutafuta jembe.

Jumamosi, 25 Oktoba.

Saa mbili na nusu. Kimya. Jaribio la tatu tu, kichwa kikakaa juu ya tufe! Nilipiga kelele peke yangu kama nimefunga goli. Nikaondoa jiwe. Halafu nikakumbuka pini. Ilikuwa dirishani jikoni. Nimetoka na pini mkononi. Koasta ipo. Datsun haipo.

Yampayinka! Mungu wangu!

Ilikuwa inateremka kinyumenyume, taratibu, kama mgeni rasmi. Nikaifuata na ndara, nikimpita mbio kila mwenye mgongo mzima hapa Kabeza. Nilipiga mayowe. Chini watu mia wakaacha majembe wakapisha. Datsun ikapanda lundo la udongo wa mtaro ikatulia. Mama Gahongayire akanitazama mgongo, akatazama ndara, akasema Mungu ni mwema, Mzee Laurean amepona.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Eustadia hakucheka. Alijifuta tope, akafungua mlango, akashika usukani. Akasema, "Baba Shami, sukuma."

Wakaja wote. Mikono mia juu ya bati lile la zamani! Mtu mmoja akaanzisha wimbo. Nikawa Rusumo tena. Eustadia alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Nilimwambia ni vumbi. Akasema jana ilinyesha mvua.

Juu, Ntare akaelekeza kwa mkono, mimi nikarudisha Koasta, pini ikaingia. Dakika mbili. Akanionyesha vidole viwili, mshenzi yule. Nimempa mkungu wangu mzima wa ndizi. Kisha Mama Gahongayire akanirudisha bondeni kumaliza sehemu yangu ya mtaro. Tumeondoka saa nane.

Jumapili, 26 Oktoba. Karagwe.

Tumefika! Mama mkwe alitoka kanisani moja kwa moja hadi kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani, akauliza kuku wako wapi. Eustadia kaingia nyuma. Mimi nikashika usukani, nikanguruma kwa mdomo. Tulikaa hivyo saa nzima bila kwenda popote. Mama mkwe kasema naendesha vizuri kuliko siku ile.

Ila nilikuwa nimeifungua Datsun ili Koasta isimzibie mandhari. Kesho ifungwe tena. Shemeji zangu wanne wamejitolea kusaidia. Nimewashukuru, nikawaeleza kwamba sasa nina uzoefu. Asubuhi wote watakuwa kwenye shamba la kahawa, uwanja mtupu. Una mteremko kidogo tu, kuelekea migombani. Pini sijui nimeiweka wapi, itaonekana. Mama mkwe kaomba akae ndani ya Datsun wakati nafunga.

Nimemkubalia.